Miaka 65 ya uhuru: tulichosherehekea mezani Kamalondo, na wanachokikosa ndugu zetu wa Kivu

Ilikuwa yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumatatu hii tarehe 30 Juni 2025. Mmoja wa marafiki zetu alisimama mezani, akavaa jaketi lake na kuanza kutuaga. Nyama ilikuwa bado kwenye mbaula, na bukari ya pili ilikuwa ndiyo kwanza inasongwa. Tukamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ila jua limeshazama. Halafu akatuangalia, akacheka mwenyewe, akavua jaketi na kukaa tena.

Rafiki huyu ni mwenyeji wa Bukavu. Aliondoka huko baada ya mji kuanguka mikononi mwa AFC/M23 katikati ya mwezi wa pili, akapita Uvira, akapanda meli hadi Kalemie, na kutoka Kalemie akaja na lori mpaka hapa Lubumbashi. Yuko kwetu tangu mwezi wa nne. Mji huu una matatizo yake, wala hakuna anayesema ni paradiso, lakini saa kumi na mbili na nusu hakuna anayemlazimisha kufunga mlango. Mwili wake ndio bado haujaelewa.

Tulikuwa watu saba katika lupango moja la tarafa ya Kamalondo: fundi wa magari, mwalimu wa sekondari, mama anayeuza vitenge, huyo yaya wa Bukavu, mwenye nyumba na baba yake, pamoja na mimi ninayeandika. Tulichangia nusu mbuzi, sombe, samaki wa Kasenga na kreti mbili. Radio ilikuwa inapiga ule wimbo wa Grand Kallé na African Jazz uliotungwa Brussels mwanzoni mwa mwaka 1960, wakati wa mkutano wa Meza ya Duara, na ambao kila tarehe 30 Juni hakuna mtaa wa nchi hii unaoukosa. Hadi pale ilikuwa sikukuu kama zingine. Baada ya jaketi la yaya, mazungumzo yalibadilika.

Kila mwaka siku hii swali ni lile lile: uhuru umetuletea nini? Na jibu la haraka ni lile lile pia: barabara mbovu, mishahara midogo, vita isiyoisha mashariki, basi uhuru ni bure. Mimi siamini jibu hilo, na sababu yangu si uzalendo wa gwaride. Watu waliodai uhuru hapa Kongo walidai kwanza mambo madogo ya kila siku: kutembea usiku, kukutana, kusema, kusafiri, kuingia dukani kwa mlango wa mbele. Mambo hayo tuliyapata kwa sehemu kubwa, tukayazoea, na sasa tunayaona kama hewa. Mtu hukumbuka hewa siku anapokosa pumzi.

Baba wa mwenye nyumba alizaliwa mwaka 1943. Ndiye pekee mezani aliyeona Lubumbashi ilipoitwa Elisabethville. Alimsikiliza yaya, kisha akasema kwamba amri ya kutotoka usiku yeye aliijua akiwa mtoto, hapa hapa Kamalondo.

Wakati wa Wabelgiji mji ulikuwa umegawanywa mara mbili. Huku wazungu na bulvadi zao zenye miti, kule weusi, na katikati eneo tupu la mamia ya mita ambalo watawala walilieleza kwa sababu za afya. Kuanzia saa tatu ya usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kuonekana upande wa wazungu bila karatasi. Baba yake mzee huyu alikuwa mpishi katika nyumba moja ya mjini. Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, alipaswa kumsubiri bwana wake atie sahihi kwenye kikaratasi ili apite salama.

"Usiku mmoja yule muzungu alilala bila kusaini," mzee alituambia. "Nani angethubutu kumuamusha? Baba alilala ndani ya garaji. Kule nyumbani mama hakulala hata kidogo, alifikiri wamemufunga."

Fundi akauliza kama ni kweli pombe pia ilikatazwa. Ni kweli kwa sehemu. Bia Mkongomani aliruhusiwa kunywa, lakini divai na pombe kali zilikuwa marufuku kwake hadi katikati ya miaka ya 1950. Mzee akacheka: "Divai ilikuwa ya padri tu, na sisi tulikuwa tunaangalia."

Kusafiri nako kulikuwa na karatasi yake. Mtu wa kijijini aliyetaka kukaa nje ya eneo lake zaidi ya siku 30 alipaswa kupata pasipoti ya kuhama, ndani ya nchi yake mwenyewe. Kwa wale waliosoma, serikali ilianzisha kadi ya sifa mwaka 1948, halafu mwaka 1952 utaratibu wa kumwandikisha mtu kama "aliyestaarabika". Mwombaji alichunguzwa hadi nyumbani, namna anavyokula na namna anavyokaa na mke wake. Fikiria, msomaji, mgeni anaingia kwako kuhesabu uma na visu ili aamue kama unastahili kutembea usiku.

Na kukutana? Lubumbashi ina jibu lake, na linauma. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma wakidai nyongeza ya mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Askari waliwafyatulia risasi na makumi ya watu walikufa. Waliomba pesa ya kula, na walikuwa wamekusanyika tu. Miaka 17 baadaye, tarehe 4 Januari 1959, ilikuwa Leopoldville iliyowaka, na cheche yake ni hiyo hiyo: mkutano wa ABAKO uliokataliwa. Leo tarehe hiyo tunaiita Siku ya Mashahidi wa Uhuru, tunapumzika, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba wale mashahidi walikuwa wamekuja kusikiliza mkutano.

Ndiyo sababu, tukirudi kwenye hotuba ya Patrice Lumumba ya tarehe 30 Juni 1960 mbele ya mfalme Baudouin, tunaona jambo ambalo mara nyingi tunalipita. Tunakumbuka hasira yake na uso wa mfalme. Ila katika yale aliyoyataja kama utumwa, mengi ni ya kila siku: Mwafrika kuitwa kwa "tu" kama mtoto huku mzungu akiitwa kwa heshima, kutoingia katika sinema na mikahawa ya wazungu, kusafiri chini kabisa ya meli wakati mwingine yuko juu katika chumba cha raha. Mwalimu wetu alisema kwamba katika darasa lake wanafunzi hushangaa waziri mkuu kuzungumzia mikahawa siku kama ile. Mimi naona alijua vizuri anachokisema. Alitaja vitu ambavyo kila aliyekuwa akisikiliza radio siku ile alikuwa amevionja.

Lumumba mwenyewe aliuawa si mbali na mji huu, tarehe 17 Januari 1961, miezi sita na nusu baada ya hotuba hiyo. Kati ya hizo tarehe mbili kuna tarehe 11 Julai 1960, siku Katanga ilipojitenga. Mezani kwetu mada hiyo hupita kwa tahadhari, maana kila familia ya hapa ina upande wake. Mwaka huu tuliigusa na hakuna aliyenuna. Hilo nalo nililihesabu.

Mzee hakutaka tumalizie kwa Wabelgiji, kana kwamba wao peke yao walijua kukataza. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya kikristo. Mzee alibatizwa Joseph. Kwa miaka 18 jina hilo liliishi nyumbani na kanisani tu. Tai na suti za kizungu zilikatazwa pia, na mwanaume wa heshima akavaa abacost. Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, aliruhusu na tai katika hotuba hiyo hiyo. Vijana mezani walicheka: rais mzima anatangaza tai! Mzee hakucheka sana. Alisema siku iliyofuata alitoa tai ya marehemu baba yake katika sanduku na kwenda nayo kazini, na wenzake watatu walikuwa wamefanya vile vile bila kuambiana. Wiki chache baadaye, usiku wa tarehe 11 Mei, wanafunzi walishambuliwa katika kampasi ya hapa Lubumbashi, na watu wakaelewa kwamba tai ni tai.

Kinachoandikwa na kinachoondolewa

Tuje kwenye siku zetu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imeandika yote yale ambayo babu zetu walinyimwa. Ibara ya 23 inatupa uhuru wa kusema, ya 25 uhuru wa kukutana kwa amani bila silaha, ya 29 inalinda nyumba ya mtu, ya 30 inampa kila mmoja haki ya kutembea na kukaa popote nchini. Ibara ya 26, juu ya maandamano, inawataka waandaaji waiarifu serikali kwa maandishi. Kuarifu. Si kuomba ruhusa. Lakini mara ngapi tumesikia mameya na magavana wakisema kwamba maandamano fulani "hayakupewa ruhusa"? Neno moja linabadilishwa, na haki inageuka kuwa zawadi.

Kuna ibara nyingine isiyotajwa sana siku za sikukuu, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Ni ya 61. Inaorodhesha yale ambayo hayawezi kuguswa hata nchi ikiwa katika hali ya dharura: haki ya kuishi, marufuku ya mateso, marufuku ya utumwa, kutoadhibiwa bila sheria, haki ya kujitetea na kukata rufaa, kutofungwa kwa sababu ya deni, na uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Orodha nzuri. Lakini tazama ambayo hayamo: kutembea, kukutana, mlango wa nyumba yako, kusema hadharani. Uhuru wa mezani, ule wa kila siku, ndio ambao sheria yenyewe inakubali uondolewe kwanza.

Na umeondolewa. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi. Amri ya Rais iliwapa wakuu wa jeshi uwezo wa kupekua nyumba mchana na usiku, kukataza mikutano, kukataza machapisho na kuzuia watu kutembea, na raia wakapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Sababu ilieleweka: ADF na makundi mengine yalikuwa yanachinja watu, na wakaaji wengi wa Beni walipokea uamuzi huo kwa matumaini. Katiba inasema hali hiyo ni ya siku 30, kisha inaweza kuongezwa kwa vipindi vya siku 15. Imeongezwa siku 15, na zingine 15, na zingine, kwa zaidi ya miaka minne. Katika muda huo Goma imeanguka, mwezi wa kwanza mwaka huu, na gavana wa kijeshi anafanya kazi kutoka Beni. Raia walitoa uhuru wao wa kila siku kama bei ya usalama. Bei ililipwa, na Goma haikupata usalama huo.

Bukavu haikuwa hata chini ya utawala huo wa kijeshi. Kule uhuru haukuondolewa kwa amri yenye nambari. Uliondolewa kwa bunduki katika mwisho wa wiki mmoja. Yaya alisema hakumbuki mtu yeyote aliyepita mtaani na kipaza sauti kuwaamuru wafunge milango mapema. Watu walianza wenyewe. Kwanza waliacha kukaa barazani, halafu waliacha kwenda msibani kulala, halafu waliacha kujibu simu mbele ya wengine. "Hakuna aliyetuambia," alisema. "Tulijiambia."

Nisingependa msomaji afikiri kwamba ni mashariki tu. Mwanzoni mwa mwezi huu baraza linalosimamia vyombo vya habari, CSAC, lilivikataza vyombo vyote kuzungumzia shughuli za Joseph Kabila na za chama chake, PPRD, kwa siku 90. Rais huyo wa zamani alikuwa ameonekana Goma, na serikali inamshtaki kushirikiana na waasi. Shtaka hilo ni zito, na mahakama zipo kwa ajili yake. Lakini wananchi watahukumuje jambo wasiloruhusiwa kulisikia? Hapa Lubumbashi, ambako ana wafuasi na wapinzani wengi, katazo hilo limefika hadi mezani. Fundi alipotaja jina lake, mama wa vitenge alimgusa mkono: "Yaya, shusha sauti." Tulikuwa watu saba tunaojuana kwa miaka, ndani ya lupango lenye ukuta. Fundi akashusha sauti.

Mama wa vitenge naye ana neno lake juu ya ibara ya 30, ingawa haijui kwa nambari. Mizigo yake huipokea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, safari ya kilomita kama 90. Haogopi umbali, anaogopa vizuizi. Kila kizuizi kina mtu, na kila mtu ana kiu. Akifika Lubumbashi faida ya vitenge viwili au vitatu imebaki njiani. "Muniambie sasa," alisema, "mimi ni huru kutembea, ama ni huru kulipa?" Kuna wanaosema haya ni mambo ya rushwa tu, si ya uhuru. Mimi sioni tofauti kubwa. Babu alionyesha karatasi ili apite, yeye anaonyesha noti.

Hata hivyo kuna nukta moja ambayo nilibishana na mwalimu hadi nyama ikapoa. Yeye anasema tukisifu uhuru mdogo tulionao tunawapa watawala sababu ya kulala. Mimi nasema asiyejua alicho nacho hataona siku kinapochukuliwa. Yaya wa Bukavu ni shahidi wangu. Hatukukubaliana. Kubishana huko, kwa sauti, juu ya serikali, na mlango ukiwa wazi, babu yake asingekuweza, na watu wengi wa Bukavu leo hawakuwezi.

Bila shaka uhuru huo una kero zake pia. Kwa jirani muziki ulikuwa umepigwa tangu saa nne asubuhi, spika mbili zimegeuzwa barabarani, na nyumba ya tatu kuna mama aliyejifungua wiki iliyopita. Mwenye nyumba alikwenda kuomba wapunguze. Walipunguza kwa nusu saa.

Washington na mlango wa Bukavu

Ijumaa tarehe 27 Juni, siku tatu kabla ya sikukuu, mawaziri wa mambo ya nje wa RDC na Rwanda walitia sahihi mkataba wa amani mjini Washington. Watu walipeana mikono, picha zikapigwa, na madini yakazungumziwa sana. AFC/M23 haikuwa pale. Mazungumzo nayo yanaendelea Doha. Wachambuzi wengi watapima mkataba huo kwa idadi ya askari wanaoondoka na tani za koltani zinazotoka. Vipimo hivyo ni muhimu. Ila mimi ningependa kuongeza kimoja ambacho hakihitaji satelaiti: siku mtu wa Bukavu au Goma atakapokaa nje na rafiki zake saa mbili ya usiku bila kuangalia saa. Siku benki za Goma zitakapofunguliwa na mwenye akiba akaichukua. Siku mtu wa Goma atakapopanda ndege Goma kwenda Kinshasa, bila kuvuka kwanza mpaka wa nchi nyingine ili afike katika mji mkuu wa nchi yake.

Kama saa moja na nusu usiku yaya alimpigia dada yake video. Mtandao ulikatika mara mbili. Dada alikuwa jikoni, taa ndogo imewashwa, anazungumza kwa sauti ya chini. Nao walikuwa wamepika, alisema, ila walikula saa kumi ili wageni wawahi kurudi. Alitaka kujua zile kelele ni za nini. Yaya akageuza simu kuelekea kwa jirani na zile spika zake mbili, akaishika hivyo muda mrefu, na dada hakusema kitu, alikuwa anasikiliza tu. Mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama tayari kurudi kulalamika, akakaa.

Tuliachana kama saa nne na robo. Mzee alikuwa ameshalala. Mwalimu na mimi tulitembea kwa miguu hadi barabara kubwa kutafuta taksi, baridi ikiwa imerudi. Kwenye kona tulikuta vijana wawili wenye sare wamesimama karibu na moto wa mbao. Mmoja alituuliza tunatoka wapi. Tukasema tunatoka kwenye sikukuu. Akatutakia sikukuu njema, kisha akaomba pesa ya kahawa. Mwalimu akatoa franka 2000, na tukapita.